Mali kauli ya Mchina na michikichi ya babu

Wadau, nimekuwa kimya zaidi ya wiki mbili na baadhi yenu mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimefukuzwa kazi. Hapana jamani, bado naandika habari na bado mshahara unachelewa. Nilikuwa nyumbani Simbo. Mama alinipigia Jumapili jioni akasema maneno manne tu: "Mwanangu, kuna kikao, njoo." Mama yangu haiti mtoto kutoka Dar kwa ajili ya kikao kama hakuna msiba au ardhi. Nikamuuliza nani amefariki. Akasema hajafariki mtu, ni mjomba wako na yule Mchina wake.

Nikaomba ruhusa, nikapanda treni ya umeme mpaka Dodoma, kutoka pale basi la Kigoma kupitia Tabora na Uvinza, na njia nzima nilikuwa najua kwamba mimi mwenyewe sina mikono safi katika jambo hili. Nitafika huko.

Kwa wasioijua Simbo, ni Kigoma Vijijini, nchi ya michikichi. Ukiishi kwetu mawese unayajua kabla hujajua kusoma. Yanapikia, yanatengeneza sabuni, yanalipa ada. Mimi ada yangu ya sekondari ililipwa na madumu ya mama, kisha nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkopo wa bodi ukalipa kipande na mjomba akalipa kilichobaki. Mjomba hakuwa mtu wa mawese. Mjomba alikuwa mtu wa taa.

Duka lake liko Kibirizi, pale mwaloni. Wanaovua dagaa Ziwa Tanganyika wanavua usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, wanashona nyavu na kunywa pombe, kwa sababu dagaa hufuata mwanga na huwezi kushindana na mbalamwezi. Kwa hiyo mvuvi bila taa hana kazi, na mjomba tangu miaka ya tisini aliuza taa, yaani karabai na vifaa vyake: vioo, pampu, na kale kamfuko keupe kanakowaka ndani ambako ukikagusa tu kanakuwa majivu. Karabai za zamani zilikuwa za Kijerumani, za Petromax, wazee wanazikumbuka kama watu wanavyokumbuka baiskeli za Raleigh. Baadaye zikaja za Kichina, bei nusu, wakasema hazitadumu. Hazikudumu kweli, lakini ikiharibika unanunua nyingine.

Kilichoziua karabai ni mafuta ya taa. Mnakumbuka bajeti ya 2011/12, Serikali ilipopandisha kodi ya mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, maana watu walikuwa wanayachanganya na dizeli? Huko Dar ilikuwa habari ya vituo vya mafuta. Kibirizi ilikuwa habari ya dagaa. Mtumbwi mmoja unabeba karabai kadhaa na zinakunywa usiku kucha, na usiku ambao hukupata kitu mafuta yamekwisha vilevile. Wavuvi wakaanza kufunga balbu ndogo kwenye betri za pikipiki. Mjomba akaona duka lake linakufa huku analitazama. Akapanda basi kwenda Kariakoo kutafuta taa mpya, na huko ndiko alikokutana na Mchina.

Sitamtaja jina. Kwetu tunamwita Mchina wa taa na mwenyewe anajua. Nimemfahamu tangu nikiwa mwaka wa kwanza, mwaka 2019, kwa sababu mjomba alinifanya tarishi wake: natoka chuoni Jumamosi, nakwenda Kariakoo, nahesabu maboksi, nayapeleka stendi ya Ubungo kwenye basi la Kigoma, napewa nauli na hela ya chipsi. Siku mzigo ukichelewa kufungwa tulikuwa tunapiga stori. Kiswahili chake ni cha Kariakoo kabisa, kina matusi ya wapagazi ndani yake, na anayatumia bila kujua ni matusi.

Anatoka mkoa wa Zhejiang, sehemu za Yiwu, ule mji wenye soko ambalo wafanyabiashara wetu wengi wamelifikia. Kaka yake alikuwa na karakana ya taa ndogondogo za mti wa Krismasi. Nilicheka sana aliponiambia kwamba hawakuwahi kusherehekea Krismasi hata siku moja, ila walijua tarehe yake kuliko padri, maana mzigo wote lazima uwe umeshapanda meli kwenda Marekani kabla Septemba haijaisha. Mwaka 2008 mabenki ya Marekani yakatetereka, na wale wanunuzi waliokuwa wanaagiza makontena wakaacha kupokea simu. Kaka mtu akabaki na mzigo na wafanyakazi. Wakafanya kikao cha familia (vikao viko kila mahali, wadau), wakaamua mdogo achukue kontena moja aende nalo Afrika. Kwa nini Dar es Salaam? Kwa sababu babu yao aliwahi kusikia kwenye redio habari za reli ya TAZARA! Hiyo ndiyo ilikuwa tafiti yao yote ya soko.

Taa za Krismasi hazikuuzika. Aliuza maua ya plastiki, akauza tochi, akauza vibanio vya nywele. Januari 2011 naibu waziri wa viwanda na biashara wa wakati ule, Lazaro Nyalandu, aliwapa wageni waliokuwa wakifanya biashara ndogondogo Kariakoo siku 30 waondoke, akisema waliruhusiwa kuingia kama wawekezaji na si wamachinga. Mchina wa taa alikuwa na meza. Akaiacha meza, akaenda kukodi stoo ghorofa ya pili nyuma ya jengo, akawa mtu wa jumla. "Mlango wa mbele umefungwa, mimi nimezunguka," ndivyo alivyoniambia, kama mtu anayesimulia habari za mvua.

Lakini kilichonifanya nimheshimu ni taa ya mjomba. Mwanzoni alimuuzia taa za kawaida za kutundika dukani, na wiki mbili tu ziwani zikafa, maji yameingia. Mjomba akazirudisha zote kwenye gunia, kilomita zaidi ya elfu moja, akazimwaga mezani kwa Mchina. Muuzaji mwingine angesema mali ikishauzwa hairudishwi. Huyu akazipiga picha moja moja, akaanza kuuliza. Wavuvi wanazining'iniza wapi? Wanataka mwanga mweupe au wa njano? Betri inakaa wapi mtumbwi ukiyumba? Mjomba, ambaye kwetu hakuna anayemuuliza kitu zaidi ya deni, aliongea saa mbili. Miezi michache baadaye ikaja taa yenye mpira wa kuziba maji na ndoano ya kutundikia, imetoka kwenye karakana ileile iliyokuwa inatengeneza taa za Krismasi. Kibirizi wakaiita "ya mjomba". Mjomba alijisikia kama injinia.

Nikiwa mwandishi nimeandika mara kadhaa kuhusu kampuni kubwa za Kichina, na nikiitazama hadithi ya Transsion, wenye Tecno na itel, naona ni taa ya mjomba iliyokuzwa mara milioni. Walianza 2006, wako Shenzhen, na huko kwao China simu zao karibu hakuna anayezijua. Walikuja kutazama huku wakaona mtu anabeba laini mbili na betri mfukoni, wakaweka laini mbili kwenye simu moja. Wakaona kamera zinatufanya sisi weusi tuonekane macho na meno tu, wakairekebisha kamera. Hakuna uchawi hapo. Wameuliza swali ambalo wenye simu wakubwa hawakuona sababu ya kuliuliza. Sisi wenyewe tungeweza kuliuliza, tena bila nauli ya ndege.

Sasa turudi kwenye kikao.

Mjomba alikuwa anachukua mzigo kwa mali kauli. Unapewa mali kwa neno tu, unauza, unarudisha hela, unachukua tena. Kwa zaidi ya miaka kumi ilikwenda vizuri. Kisha mwaka 2024 Serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 ili samaki wazaliane. Sipingi, ziwa lilikuwa limechoka na kila mvuvi mkweli atakwambia hivyo. Ila miezi mitatu hakuna anayenunua taa ya kuvulia, na mjomba alikuwa na maboksi yamejaa mpaka chini ya kitanda. Deni la kwanza likalala. Mwaka uliofuata, Aprili 2025, Marekani ikapandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145, ukaja kupunguzwa Mei, lakini viwandani kule mzigo ulishajaa. Mchina akawa anapiga simu mwenyewe: "Mjomba chukua, mjomba chukua, hela baadaye." Mjomba akachukua. Nani angekataa? Ugomvi wa Washington na Beijing ukaishia kwenye stoo ya Kibirizi, na deni likafika milioni 11.

Hapo ndipo ninapoingia mimi.

Mwishoni mwa Julai 2025 Serikali ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, ikiwemo ya jumla na rejareja, uwakala wa kutuma fedha, ufundi simu, saluni, hadi kununua mazao shambani. Mgeni atakayekamatwa faini si chini ya milioni 10, au jela hadi miezi sita, na kibali cha ukaazi kinafutwa. Mwenye leseni hai aliruhusiwa kumalizia muda wake, haitahuishwa tena. Habari hiyo katika gazeti letu niliandika mimi. Nilizunguka Kariakoo asubuhi moja, nikachukua maneno ya wafanyabiashara wanaoshangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana kushindana na mtu ambaye kaka yake ndiye mwenye kiwanda si mchezo. Nikaandika kwamba sasa wazawa watakula keki yao. Namba ya Mchina wa taa ilikuwa kwenye simu yangu. Stoo yake ilikuwa mita mia mbili kutoka niliposimama. Sikwenda. Nilijua nikienda habari yangu itakuwa ngumu, na ilikuwa inatakiwa saa nane.

Siku chache baadaye, Agosti 2025, Rais Samia akazindua kile kituo kikubwa cha biashara Ubungo, EACLC, kilichojengwa na Wachina, maduka zaidi ya 2,000, palepale ilipokuwa stendi niliyokuwa napakia maboksi ya mjomba. Watu walihoji sana, wiki hii unawafungia Kariakoo, wiki ijayo unawafungulia Ubungo? Maelezo yalitolewa na siyarudii hapa. Nilikwenda kwenye kituo hicho kwa kazi nyingine, nikatafuta kwa macho mahali basi la Kigoma lilipokuwa linasimama, nikashindwa kupaona.

Basi kikao kilikuwa uani kwa mama, chini ya mwembe. Alikuwepo mama, mama mkubwa, mjomba, mtoto wake wa kwanza, na mimi. Shamba la michikichi babu aliligawa kwa watoto wake wote, wa kike na wa kiume, jambo lililowanunisha wazee wenzake mpaka wanakufa. Mjomba akaeleza. Leseni ya Mchina inaisha. Hatabaki kuwa muuzaji, anataka kuungana na wenzake wafungue kiwanda cha kuunganisha taa huko Mkoa wa Pwani, maana kiwanda kikubwa chenye vibali hakikatazwi, na kweli ukipita Mkuranga na Chalinze utawaona Wachina wanatengeneza vigae wanatuuzia sisi na majirani zetu. Anakusanya mtaji, kwa hiyo anataka milioni 11 zake. Au...

"Au nini?" mama akauliza.

Au mjomba aandikishe duka la Kariakoo kwa jina lake, leseni ya mjomba, mali ya Mchina, na deni lifutwe.

Kimya. Kuku tu ndio walikuwa wanaongea. Ikabidi niseme mimi, nikawaambia kwamba amri ileile inamgusa pia Mtanzania anayemsaidia mgeni kuikwepa, faini milioni 5 au jela miezi mitatu. Nililisema kama ninavyolisema kwenye habari, bila kumwangalia mjomba.

Mama mkubwa akaniuliza, "Na hiyo sheria si wewe uliyeiandika?"

"Mama, mimi niliandika habari. Sheria iliandikwa na Serikali."

"Tulisomewa. Ulifurahi sana."

Mjomba akasema mwacheni mtoto, ni kazi yake. Hilo liliniuma zaidi. Mtu aliyenilipia chuo kwa taa alizopewa kwa mali kauli na Mchina, mimi nikatumia elimu hiyo kuandika kwamba Mchina anakula keki yangu. Sisemi amri ni mbaya. Bado naamini mtu asitoke ng'ambo kuja kushindana na mama lishe. Nasema niliiandika kana kwamba hakuna mjomba yeyote upande wa pili, na wajomba wa namna hiyo wako Kigoma, Mwanza, Mbeya, kote.

Wakampigia simu, wakaweka sauti kubwa. "Shikamoo mama," Mchina akaanza, na mama mkubwa akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu ambaye hajaamua bado. Mama akamwambia la leseni haliwezekani, ndugu yake hatafungwa kwa ajili ya taa. Mchina akasema sawa, hakung'ang'ania. Akauliza basi watalipaje. Na hapo mama akatoa alichokuwa amekwisha kukiamua kabla hata hajaniita mimi: atakodisha kipande chake cha michikichi kwa misimu miwili, zinapatikana milioni 6, zinalipwa mara moja. Tano zilizobaki mjomba alipe polepole. Michikichi ile ndiyo iliyonisomesha sekondari. Mjomba akainamisha kichwa, akakwangua udongo kwa kijiti.

Kule kwenye simu kulikuwa na kelele za Kariakoo, mkokoteni unapita, mtu anatukanwa. Mchina akakaa kimya kidogo kisha akasema, "Mjomba, mimi na wewe miaka mingi. Sita sasa, tano mpaka mwezi wa sita. Ikishindikana, tutaongea." Kisha akaniulizia mimi. Akajua nipo pale. "Mwandishi, gazeti limesema nini mwaka kesho? Kiwanda wataruhusu?" Nikamwambia sijui. Ndiyo mara ya kwanza ameniuliza swali la kazi yangu, na sikuwa na jibu.

Jioni nilikwenda Kibirizi na binamu yangu, yule mtoto wa kwanza wa mjomba, kwa bodaboda. Njiani alinionyesha mashine ya mawese anayoisaidia kuendesha: mtambo wa kukamulia wamechomelea mafundi wa hapahapa, injini inayouzungusha ya Kichina. Mwezi haukuwepo na mitumbwi ilikuwa inatoka, taa zinawaka moja baada ya nyingine mpaka ziwa likawa kama mji. Binamu ananiambia treni ya kisasa ikifika Kigoma, kipande cha Tabora mpaka kwetu wamepewa Wachina tangu mkataba wa Desemba 2022, mizigo ya Kongo na Burundi itamiminika hapa na yeye hataki imkute amelala. Akatoa simu, Tecno yenye kioo kilichopasuka, akanionyesha anavyochati na msichana wa kiwandani huko Guangdong. Yeye anaandika Kiswahili, simu inatafsiri, jibu linarudi Kiswahili cha ajabu: "Mpendwa rafiki mteja, taa yetu ni mwanga mwenye furaha sana." Tulicheka mpaka mwendesha boda akageuka.

Bei anayopewa ni karibu nusu ya ile ya Mchina wa taa. Kuna dada Kariakoo anakusanya oda za watu ishirini, thelathini, anajaza kontena, kila mtu anachukua maboksi yake.

"Mchina wenu anajua?" nikamuuliza.

"Anajua. Ndiyo maana anataka kiwanda," akasema. Kisha akazima simu ili kutunza chaji, akaniuliza kama gazetini huwa wanatoa mkopo kwa wafanyakazi, maana oda ya chini kabisa ni maboksi kumi.